Shajara ya Mradi: Mwongozo wa Majaribio ya Kemia kwa Kidato cha Tano na cha Sita

Julai: kusudio la mradi

Mradi huu unaendeshwa na walimu wa kemia pamoja na fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari ya bweni mkoani Tanga. Lengo lake ni kuandaa mwongozo wa majaribio kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma tahasusi za PCM (fizikia, kemia na hisabati), PCB (fizikia, kemia na biolojia) na CBG (kemia, biolojia na jiografia). Mwongozo utafuata muhtasari wa somo unaotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini utatumia, kadiri inavyowezekana, vitu vinavyopatikana sokoni, shambani na dukani. Shajara hii ni kumbukumbu ya kazi hiyo: kipi kimejaribiwa, kipi kimekubaliwa kuingia katika mwongozo, na kipi kimeachwa.

Kabla ya kuchagua jaribio hata moja tulijadiliana kwa kirefu kuhusu kile ambacho kemia ya ngazi hii inamdai mwanafunzi. Kijana anayetoka kidato cha nne anajua kwamba asidi ikikutana na besi hutoa chumvi na maji, na kwamba metali fulani humenyuka na maji baridi ilhali nyingine hazimenyuki. Akiingia kidato cha tano maswali yanageuka. Sasa anaulizwa mmenyuko umetoa joto kiasi gani, unakwenda kwa kasi gani, unafika wapi kabla ya kutulia kwenye msawazo, na ni nini katika muundo wa atomu kinachosababisha yote hayo. Mada zenyewe ni nyingi, kuanzia obiti za elektroni (maeneo ya atomu ambamo elektroni hukaa), vifungo, gesi na nishati, hadi kemia ya kaboni, elektrokemia, udongo na mazingira. Hata hivyo ukizipekua utaona kwamba karibu zote zinarudi kwenye maswali hayo.

Tatizo tunalolijua sote ni kupika matokeo. Mwanafunzi anayefanya titresheni, yaani kutia myeyusho mmoja kidogo kidogo kutoka kwenye bureti hadi umalize mmenyuko na mwingine, akiwa anajua kwamba jibu linatakiwa liwe karibu na sm³ 25 atasoma bureti kwa jicho linalolitafuta 25, na akipata 23.4 atairekebisha kwenye karatasi bila kurudia kazi. Simlaumu sana, maana jaribio lenye jibu linalojulikana limemfundisha hivyo. Kwa sababu hiyo tumekubaliana juu ya kanuni moja ya mradi: kila jaribio litakaloingia katika mwongozo liishie kwenye namba ambayo mwanafunzi hakuijua kabla, ambayo hataikuta nyuma ya kitabu, na ambayo atatakiwa kuitetea mbele ya wenzake.

Agosti: atomu bila maabara

Kidato cha tano wameanza na muundo wa atomu, na hapa hakuna cha kumimina wala kuchemsha. Badala ya kuanza na maelezo ya obiti s, p na d, tuliwapa wanafunzi orodha ya nishati ya kwanza ya uionishaji (nishati ya kuing'oa elektroni ya kwanza kutoka kwenye atomu) ya elementi ishirini za mwanzo, kwa kilojuli kwa moli, bila majina ya elementi: 1312, 2372, 520, 900, 801, 1086, 1402, 1314, 1681, 2081, 496, 738, 578 na kuendelea. Kila kundi lilichora grafu na kutakiwa kueleza umbo lake.

Miporomoko mikubwa waliielewa haraka. Kutoka 2372 hadi 520, na kutoka 2081 hadi 496, ni wazi kwamba elektroni inayoondolewa iko kwenye ganda jipya lililo mbali zaidi na kiini. Kazi ilikuwa kwenye vishuko vidogo. Kwa nini elementi ya tano, yenye protoni moja zaidi ya ile ya nne, inaiachia elektroni yake kwa urahisi zaidi, 801 badala ya 900? Na kwa nini ya nane inashuka hadi 1314 wakati ya saba ina 1402? Kundi moja lilijaribu kulaumu vipimo, lakini walipoona kishuko kile kile kikijirudia kati ya elementi ya kumi na mbili na ya kumi na tatu, 738 na 578, waliacha hoja hiyo wenyewe na kuanza kuzungumzia uwezekano wa kuwapo kwa vyumba tofauti ndani ya ganda moja. Hapo ndipo tulipowaletea majina ya s na p, na majina hayo yakawa na kazi ya kufanya.

Kwa elementi ya saba na ya nane, yaani nitrojeni na oksijeni, jibu la haraka darasani lilikuwa kwamba obiti zilizojaa nusu ni imara. Nimeagiza kauli hiyo isikubaliwe katika mwongozo kama maelezo kamili, kwa kuwa ni jina la jambo na si sababu yake. Mwanafunzi aseme kwamba katika oksijeni elektroni mbili zimelazimika kukaa pamoja kwenye obiti moja ya p, zinasukumana, na moja kati yake huondoka kwa nishati ndogo zaidi. Jaribio limekubaliwa.

Septemba: magadi ya sokoni

Hili ndilo jaribio lililotupa kazi kubwa zaidi na faida kubwa zaidi hadi sasa. Magadi yanayouzwa kwa mafungu sokoni, yale yanayotiwa kwenye maharage na kande ili yaive upesi, hutoka katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa kama Natron. Sehemu yake kubwa ni trona, chumvi yenye kaboneti ya sodiamu na haidrojeni kaboneti ya sodiamu kwa uwiano wa moja kwa moja, pamoja na molekuli mbili za maji. Fungu la sokoni, hata hivyo, lina mchanga, chumvi ya kawaida na mengine yasiyojulikana, na hakuna kitabu kinachoweza kumwambia mwanafunzi fungu alilolinunua yeye lina nini.

Utaratibu ni wa titresheni yenye viashiria viwili, yaani vitu viwili vinavyobadilika rangi mmenyuko unapofika mwisho. Gramu 2.80 za magadi yaliyosagwa huyeyushwa katika maji, huchujwa, na kujazwa hadi sm³ 250. Sehemu ya sm³ 25 huwekewa fenolifthaleini na kutiwa asidi hidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) hadi rangi ya waridi ipotee. Hapo kaboneti yote imegeuka kuwa haidrojeni kaboneti. Kisha huongezwa methili orenji katika chupa ile ile na asidi inaendelea kutiwa hadi rangi igeuke kutoka njano kuwa ya chungwa. Hapo haidrojeni kaboneti yote, ile iliyotokana na kaboneti na ile iliyokuwamo tangu mwanzo, imekwisha. Magadi yakiwa trona tupu, ujazo wa hatua ya pili unapaswa kuwa mara mbili ya ule wa kwanza. Yakiwa kaboneti peke yake, hatua mbili zinalingana. Kwa hiyo uwiano wa namba mbili kwenye bureti unasimulia muundo wa kitu kilicholetwa kutoka sokoni kikiwa kimefungwa kwenye karatasi.

Hatua ya kwanza ndiyo ngumu. Waridi ya fenolifthaleini katika mchanganyiko wa kaboneti na haidrojeni kaboneti haikatiki ghafla kama inavyofanya katika sodiamu haidroksaidi. Inafifia polepole, na kila mmoja ana pake pa kusema imekwisha. Msichana mmoja wa PCB alikuwa ameinama mbele ya chupa yake akidondosha tone moja moja huku akiitikisa taratibu juu ya karatasi nyeupe, na mwenzake akamwuliza mbona anachelewa. Alijibu kwamba akiimwaga asidi kwa haraka, pale inapoangukia kaboni dayoksaidi itatoka kabla ya wakati wake, na hesabu ya hatua ya kwanza itaingia kwenye ya pili. Maelezo hayo hayakuwa kwenye karatasi ya maelekezo. Tumeyaweka.

Kundi lake lilipata sm³ 9.60 kwa hatua ya kwanza na sm³ 20.10 kwa hatua ya pili. Hesabu yao ni hii: moli 0.00096 za kaboneti, moli 0.00201 zikitolewa 0.00096 zinabaki moli 0.00105 za haidrojeni kaboneti ya asili. Kwa uzito, hizo ni gramu 0.102 na gramu 0.088, na ukiongeza maji ya fuwele yanayostahili trona, karibu gramu 0.035, jumla ni kama gramu 0.225 kati ya gramu 0.280 zilizokuwamo katika sehemu iliyopimwa. Asilimia 80 imepata maelezo. Asilimia 20 bado haijapata.

Swali la asilimia 20 hizo ndilo lililolifanya jaribio hili liwe la kemia ya kidato cha tano. Masalia ya kwenye karatasi ya chujio yalikaushwa na kupimwa, yakajibu sehemu yake. Kwa iliyobaki walichukua kiasi cha myeyusho, wakatia asidi nitriki hadi mapovu yakome, kisha nitreti ya fedha; mashapo meupe yalitokea papo hapo na yakayeyuka katika amonia, dalili ya kloridi. Kutangulia kwa asidi nitriki si desturi tu: bila hiyo kaboneti yenyewe ingetoa mashapo na fedha, na kundi lililojaribu kuruka hatua hiyo kwa makusudi lilijionea. Hivyo uchambuzi wa aina (kimo nini) na uchambuzi wa kiasi (kimo kiasi gani), ambavyo kwa kawaida hufundishwa kama mambo mawili yasiyojuana, vilikutana juu ya meza moja.

Tumeongeza angalizo katika mwongozo kwamba magadi ya maziwa hayo yanaweza kuwa na floridi nyingi, na kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Hatuna kifaa cha kuipima. Angalizo linabaki kwa ajili ya mada ya kemia ya mazingira, ambako meno yenye madoa ya kahawia ya wakazi wa sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Manyara yana maelezo yake ya kikemia.

Oktoba: joto la mimenyuko

Jaribio la joto la usawazishaji, yaani joto linalotoka asidi inapokutana na besi, limeingia kwa mabadiliko madogo. Sm³ 50 za asidi hidrokloriki ya 1 M na sm³ 50 za sodiamu haidroksaidi ya 1 M, zikichanganywa katika kikombe cha plastiki kilichotumbukizwa ndani ya kingine, zinapaswa kupandisha jotoridi kwa karibu nyuzi 6.8, ikiwa thamani ya kilojuli 57 kwa moli ni sahihi na hakuna joto linalopotea. Hakuna kundi lililofika hapo. Kwa kuwa thamani hii inajulikana na kila mtu, jaribio lilivunja kanuni yetu, hivyo tumeligeuza swali: mwanafunzi apime joto linalopotea kwenye kikombe chake, kwa kusoma kipimajoto kila baada ya nusu dakika na kurudisha mstari wa grafu hadi wakati wa kuchanganya, kisha atumie kikombe hicho hicho kwa asidi ya ethanoiki na aeleze kwa nini inatoa joto pungufu kidogo. Kikombe cha kila kundi kina tabia yake, na namba yake haiko katika kitabu chochote.

Novemba: kasi ya mmenyuko

Kidato cha sita wamefanya jaribio la sodiamu thaiosalfeti na asidi hidrokloriki, ambalo walimu wengi wanalifahamu: chupa inawekwa juu ya alama ya X, asidi inatiwa, salfa inaanza kuutia ukungu myeyusho, na muda unapimwa hadi alama isionekane. Ni la bei nafuu na halikosei. Madirisha yanatakiwa yawe wazi yote kwa sababu ya salfa dayoksaidi, na mwanafunzi mwenye pumu hukaa kwenye kazi ya kuandika muda akiwa karibu na mlango. Taka humwagwa mara moja kwenye ndoo yenye myeyusho wa magadi, ambayo sasa tunayo ya kutosha.

Kanuni iliyokaririwa na wote ni kwamba jotoridi likipanda kwa nyuzi 10, kasi huongezeka mara mbili. Tuliamua kuifanya kanuni hiyo iwe mshtakiwa. Jotoridi la maabara yetu mchana ni karibu nyuzi 30, kwa hiyo tulianzia hapo hadi 60 kwa hatua za nyuzi 10. Wanafunzi walichora logi asilia ya kinyume cha muda dhidi ya kinyume cha jotoridi kwa kelvini, wakapata mstari ulionyooka vya kutosha, na kutoka kwenye mteremko wake wakakokotoa nishati ya uamshaji, yaani kizuizi cha nishati ambacho chembe lazima zikivuke ili zimenyuke.

Kazi ya mezani iliyofuata ilikuwa na faida kuliko jaribio lenyewe. Mwanafunzi akitumia mlinganyo wa Arrhenius, unaounganisha kasi, jotoridi na nishati ya uamshaji, ataona kwamba kasi inaongezeka mara mbili hasa kati ya nyuzi 25 na 35 pale tu nishati ya uamshaji inapokuwa karibu kilojuli 53 kwa moli. Mmenyuko wenye nishati hiyo hiyo, ukipashwa kutoka nyuzi 50 hadi 60, unaongezeka mara 1.8 tu. Kwa hiyo kanuni waliyoikariri ni ya aina fulani ya mimenyuko katika jotoridi fulani, na mmenyuko wenye nishati kubwa zaidi hautaitii katika jotoridi hilo.

Palikuwa na hoja nyingine iliyotakiwa kunyooshwa. Karibu darasa zima waliandika kwamba joto huongeza kasi kwa sababu chembe zinagongana mara nyingi zaidi. Tuliwataka wakokotoe: kasi ya wastani ya chembe inafuata kipeuo cha pili cha jotoridi halisi, na kutoka kelvini 298 hadi 308 ongezeko hilo halifiki hata asilimia 2. Asilimia 2 haiwezi kueleza ongezeko la asilimia 100. Kinachobadilika sana ni sehemu ya chembe zenye nishati ya kutosha kuvuka kizuizi, na grafu ya Maxwell na Boltzmann, inayoonyesha jinsi nishati ilivyogawanyika kati ya chembe na ambayo kwa kawaida huchorwa ubaoni na kusahaulika, ilipata wasikilizaji.

Januari: karafuu za Muheza

Mada ya mifumo ya vimiminika viwili ina sheria ya Raoult (kuhusu mvuke wa vimiminika vilivyochanganyika), unereka wa sehemu, na unereka kwa mvuke, unereka ukiwa ni kuchemsha kimiminika na kuupoza mvuke wake uwe kimiminika tena. Hii ya mwisho hufundishwa kwa hesabu tupu. Kwa kuwa karafuu zinalimwa katika vilima vya Amani wilayani Muheza, na kwa kuwa Pemba wana kazi ya siku nyingi ya kunereka mafuta ya karafuu, tuliona hakuna sababu ya kutumia kitu kingine.

Kiini cha mafuta hayo ni yujenoli, ambayo huchemka karibu na nyuzi 254, lakini ikiwa pamoja na maji hutoka chini kidogo ya nyuzi 100, kwa sababu vimiminika visivyochanganyika hujumlisha kanieneo za mvuke wao, na mchemko huanza jumla hiyo inapolingana na kanieneo ya anga. Kilichotoka kwenye kondensa kilikuwa maji yenye ukungu kama maziwa mepesi, na baada ya kutulia matone ya mafuta yalishuka chini ya chombo. Wanafunzi walitarajia yaelee, kama mafuta ya nazi yanavyoelea, na kule kuzama kulizua mjadala wa densiti ambao haukuwa kwenye ratiba.

Namba inayotafutwa ni uzito wa mafuta kwa kila gramu 100 za karafuu, na inategemea karafuu zenyewe, kama ni maua yaliyokauka vizuri, makonyo (vijiti vya mashada), au mabaki ya duka. Makundi yalipewa sampuli tofauti bila kuambiwa chanzo chake, na yakatakiwa kukisia kutokana na matokeo. Kundi lililopewa makonyo lilijua kwamba limepewa kitu hafifu kabla ya kumaliza.

Mafuta yaliyopatikana yalitumika tena katika kemia ya kaboni. Molekuli moja ya yujenoli ina pete ya benzini, haidroksili iliyoshikamana na pete, etha, na kifungo maradufu kwenye mkia wa kaboni tatu. Inayeyuka katika sodiamu haidroksaidi kwa kuwa haidroksili yake ina tabia ya asidi, inatoa rangi na kloraidi ya chuma (III), na inaondoa rangi ya maji ya bromini. Mwanafunzi aliyezoea kukutana na kundi tendaji moja katika kila swali analazimika hapa kuamua ni sehemu ipi ya molekuli iliyofanya kazi. Kwa bromini jambo hilo halina jibu jepesi, maana pete ya fenoli nayo huivutia, na tumeliacha wazi katika mwongozo kwa makusudi.

Machi: chokaa na namba mbili zinazogombana

Kwa mada ya zao la umumunyifu, yaani namba inayopatikana kwa kuzidisha ukolezi wa ioni katika myeyusho uliojaa, tulichagua chokaa. Pwani yetu imechoma mawe na matumbawe kupata chokaa kwa karne nyingi, na mfuko wake haukosekani kwa fundi wa ujenzi. Maji yalichemshwa kwanza ili kufukuza kaboni dayoksaidi, yakapozwa, chokaa ikatiwa kwa wingi, chupa ikazibwa na kutikiswa mara kwa mara, ikalala usiku kucha. Asubuhi myeyusho ulichujwa haraka, kwani ukiachwa wazi hufanya utando mweupe wa kaboneti juu yake.

Sm³ 25 za myeyusho huo zilihitaji, katika makundi mengi, karibu sm³ 21 za asidi hidrokloriki ya 0.05 M. Maana yake ukolezi wa haidroksaidi ni 0.042 M, wa kalsiamu ni nusu yake, 0.021 M, na zao la umumunyifu ni 0.021 × 0.042², yaani karibu 3.7 × 10⁻⁵. Vitabu vinaandika karibu 5 × 10⁻⁶. Tofauti ni mara saba.

Kwa kawaida mwalimu angesema kwamba chokaa ilikuwa chafu au bureti zilisomwa vibaya, na wanafunzi walikuwa tayari kukubali. Lakini jedwali la umumunyifu katika vitabu linaonyesha kwamba lita moja ya maji katika nyuzi 25 huyeyusha takriban gramu 1.6 za kalsiamu haidroksaidi, ambazo ni moli 0.021 au 0.022, sawasawa na matokeo yao. Na ukianza na 5 × 10⁻⁶ ukarudi nyuma, utapata moli 0.011 tu, gramu 0.8. Kwa hiyo vitabu vyenyewe vina namba mbili ambazo hazipatani, na bureti ya mwanafunzi wa kidato cha sita imetoa ushahidi kwa upande mmoja.

Ufumbuzi wake unafundisha kuliko jibu lolote ambalo lingepatana. Thamani ya kitabu imekokotolewa kwa utendaji wa ioni, si kwa ukolezi wake. Katika myeyusho wenye ioni nyingi kiasi hiki, kila ioni ya kalsiamu imezungukwa na ioni za haidroksaidi zinazoivuta, na baadhi zimeshikamana nayo kabisa kuwa jozi. Haziko huru kama fomula ya darasani inavyodhani. Fomula hiyo inafaa kwa chumvi zisizoyeyuka karibu kabisa, kama kloridi ya fedha, na inaanza kuyumba inapofika kwenye chokaa. Muhtasari haudai mwanafunzi ajue utendaji wa ioni, na hatutamtahini kwa hilo, ila ameona mahali ambapo kanuni aliyofundishwa inakoma kufanya kazi, akiwa na namba yake mwenyewe mkononi.

Fundi sanifu wetu aliongeza jambo ambalo limeingia kama sehemu ya pili ya jaribio. Alipasha moto myeyusho safi uliojaa, na badala ya kubaki angavu ukaingia ukungu. Wengi wa wanafunzi hawakuwahi kuona kitu kinachoyeyuka kidogo zaidi kadiri maji yanavyopata moto. Waliohudhuria somo la msawazo walieleza bila kusaidiwa: uyeyukaji wa chokaa hutoa joto, na ukiongeza joto msawazo unarudi upande wa kigumu.

Aprili: yaliyoachwa na yaliyopita haraka

Seli ya zinki na shaba imeingia bila maneno mengi. Kila mtu anajua volti 1.10, hivyo swali letu ni seli yenye ukolezi tofauti pande mbili, na msumari wa bati la paa uliotumbukizwa katika maji ya bahari.

Mgawanyo wa iodini kati ya maji na tetrakloridi ya kaboni umeondolewa. Kimiminika hicho ni sumu kwa ini na kimewekewa udhibiti na Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni. Hakuna sababu ya kukitafuta. Badala yake tunatumia asidi ya ethanoiki kati ya maji na butanoli, ambayo tabaka zote mbili hupimwa kwa titresheni. Harufu ya butanoli haipendezi, na hilo ndilo lalamiko pekee tulilopokea.

Vidonge vya madini ya chuma vya dukani vimepimwa kwa permanganeti na vimekubaliwa. Rangi ya zambarau inajionyesha yenyewe bila kiashiria, na kiasi kilichoandikwa kwenye kopo kinampa mwanafunzi kitu cha kukihakiki.

Juni: hali ya sasa

Kidato cha sita wamemaliza mtihani wa taifa wa Mei na kuondoka. Katika karatasi ya vitendo, uchambuzi wa ujazo, kemia ya kifizikia na uchambuzi wa aina ndivyo vinavyotahiniwa, na mwongozo wetu unavigusa vyote vitatu, ingawa uchambuzi wa aina bado ndio dhaifu. Wanafunzi wanaendelea kuukariri kwa mfuatano wa hatua, na magadi peke yake hayatoshi kuyavunja mazoea hayo. Tunahitaji michanganyiko mingine miwili au mitatu ya kweli, pengine majivu ya mkaa na mbolea za dukani.

Mada ya udongo ndiyo inayofuata. Pendekezo lililokubaliwa ni kuchukua sampuli kutoka shamba la shule, kupima pH yake ndani ya maji yaliyosafishwa na ndani ya myeyusho wa kloridi ya potasiamu, na kuwataka wanafunzi waeleze kwa nini ya pili kwa kawaida huwa ndogo: potasiamu inaziondoa ioni za haidrojeni na alumini zilizoshikwa na chembe za udongo na kuzileta kwenye myeyusho. Kisha myeyusho huo utapimwa kwa titresheni na sodiamu haidroksaidi, na matokeo yatageuzwa kuwa kilo za chokaa kwa hekta. Mwalimu wa kilimo ameomba apewe namba hiyo kabla ya mvua za vuli, na amesema ataitaka pamoja na hesabu iliyoizaa.